Mama Mkwe Katikati ya Skrini Tatu

Nimewaonea watu wivu kwa mambo mengi, na sioni haya kusema. Nilimwonea wivu dada yangu kwa shingo yake, jirani yetu kwa kisima chake, na mwanamke mmoja wa kwaya ya parokia kwa sauti ambayo Mungu alimpa yeye badala ya kunipa mimi. Lakini wivu ulionikosesha usingizi ni ule niliokuwa nao juu ya picha moja ndani ya kompyuta ya depo yetu. Picha ile ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Depo yetu ilikuwa ya bei ya jumla, hapa Lubumbashi: unga, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, pamoja na malori yaliyoleta mizigo kutoka mpakani Kasumbalesa na kuisambaza mjini na huko njia ya Kinsevere. Mume wangu ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, Mprotestanti wa kuzaliwa, kutoka ukoo wa wafanyabiashara ambao hata wakiota ndoto wanaota mizigo. Mimi ni mtoto wa reli. Babu yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kutandika reli, baba akashika kazi hiyohiyo, na sisi tukakulia kambini kwa wafanyakazi, Wakatoliki wa kuamshwa na kengele. Nilipoolewa, watu wake walisema amejitupa kwa mwanamke anayepigia sanamu magoti. Watu wangu walisema wanaume wa Kivu wanaoa huku, lakini moyo wanauacha kwao. Nilicheka maneno ya pande zote mbili. Ya watu wangu yalikuja kunirudia baadaye.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinaporomoka. Migodi ilifunga milango mmoja baada ya mwingine, faranga iliyeyuka mfukoni, na kule mashariki vita vilimeza mji baada ya mji. Ofisi moja ya mgodi ilipofunga, vitu vyake viliuzwa nje barazani, hata vikombe vya chai. Mume wangu alirudi na kompyuta moja na skrini tatu, amefurahi kama mtu aliyeoa. Tuliziweka skrini zile mezani nyuma ya waya wa kaunta. Ya kushoto ilionyesha ramani na malori yetu kama vidoa vidogo vinavyotambaa. Ya kulia ilikuwa ya stoo. Ya katikati, ile kuu, ilikuwa ya barua na ankara, na hapo ndipo nilipokaa mimi kutwa.

Kwa kuwa kaunta hujaa watu wa kila namna, fundi aliyetufungia mitambo aliiagiza kompyuta ijifunge yenyewe ukiiacha dakika chache bila kuigusa. Haikuzima. Skrini ya katikati ilibaki inawaka, ikitoa picha moja, na juu ya picha hiyo saa na tarehe ya siku. Zile mbili za pembeni ziligeuka nyeusi tii. Ili uingie tena, uliandika neno la siri chini ya ile picha. Mwanzoni ilikuwa picha ya kiwandani, milima yenye theluji isiyokuwa ya mtu yeyote, na sote tuliishi nayo kwa amani.

Siku mji wa kwao ulipotekwa, mume wangu alikaa kwenye kiti changu bila kuniuliza, akaingia kwenye mipangilio, akatoa milima ya watu na kumweka mama yake.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake iliyojengwa kwa mawe meusi ya volkano, mikono kiunoni, kilemba kimekazwa, akitazama kama mtu anayesubiri maelezo. Basi kila nilipoinuka kwenda kuchukua chai, nikirudi namkuta. Nikienda kupima chumvi, nikirudi namkuta. Ili nifungue ankara zangu mwenyewe, katika mji wangu mwenyewe, ilinibidi kwanza nipite kwake. Nilikuwa naandika lile neno la siri kwa kuzipiga herufi mpaka mtunza stoo akauliza kama mashini imenikosea nini.

Na mume wangu! Asubuhi alisimama mbele ya ile skrini kabla hajamsalimu mtu yeyote. "Yambo, mama," alikuwa anamwambia, kwa sauti ambayo mimi sikuwa nimeisikia tangu tulipokuwa wachumba. Mawasiliano na kwao yalipokatika, na simu ya mama yake ikawa haiiti hata kidogo, alianza kuiacha kompyuta ijifunge kwa makusudi. Alikaa pale ametulia, mikono mapajani, skrini mbili nyeusi na moja ya mama. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Neno "kwetu", ambalo zamani lilikuwa na maana ya nyumba yetu, sasa lilikuwa na maana ya kule.

Nilijua linalokuja. Siku moja angeniambia kwamba anakwenda kumtafuta. Na mtu aliyekwenda kule wakati ule, kurudi kwake kulikuwa mikononi mwa watu wengine. Hilo lilinitisha, na sitaki mtu anihukumu kwa la pili, lakini lilikuwepo: niliogopa pia kwamba angefika salama, akaiona nyumba ya mawe meusi, na asione tena sababu ya kurudi. Yule mama alikuwa ananivuta mume kutoka ndani ya kompyuta, na mimi ndiye niliyekuwa nalipia umeme.

Alikuwa amekuja Lubumbashi mara moja tu, siku ya harusi yetu. Mpiga picha alitupanga mlangoni kwa kanisa, mimi upande mmoja, mume wangu amenishika mkono. Mama mkwe akapanda ngazi, akatutenganisha kwa kiwiko, akasimama katikati. "Nimemuleta mutoto wangu," alisema, "sijamutoa bado." Watu walicheka na kupiga vigelegele. Mimi nilicheka pia, kwa meno. Picha ikatoka hivyo: mimi kushoto na shela yangu, mume kulia na tai yake, na yeye katikati, gauni jeupe la kanisani, uso mzito kama wa hakimu. Akufukuzaye hakwambii toka, husogea tu akasimama mahali pako.

Hata hivyo, ndiyo picha pekee ya harusi iliyotoka vizuri. Siku moja mume wangu alipokwenda Kasumbalesa kulitoa lori lililokwama forodhani, niliamua. Kama mama lazima awepo, awepo, lakini na mimi niwepo. Mume wangu aone asubuhi kwamba huku pia ana mtu.

Nilianza na picha ya nyuma, ile inayokaa chini ya kazi zote. Nilijaribu hivi na vile, mara vichwa vinakatika, mara tunatokea mara tatu kama mapacha, mpaka nikapata pale pa kuitandaza picha moja juu ya skrini zote. Na kweli ikatandaa! Mimi nilijaa skrini ya kushoto peke yangu, shela na yote. Mume wangu alijaa ya kulia. Mama mkwe alibaki na ya katikati, lakini niliona si kitu, kwa mara ya kwanza tulikuwa tumemzunguka sisi. Nilifurahi nikapiga makofi. Nikaiweka picha ileile na pale pa kufungia, nikabonyeza kukubali, kisha nikachukua mkoba wangu, kwa sababu watoto walikuwa na kikao cha wazazi shuleni na nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Nilimwachia depo mtunza stoo, aliyekuwa nyuma akipokea unga.

Sikujua kwamba picha ya kufungia haifuati mambo ya picha ya nyuma. Yenyewe haitandazwi. Inachukua skrini kuu tu, na ikiwa picha ni pana, inakata pembeni na kubakiza katikati.

Kwa hiyo kompyuta ilipojifunga, mimi sikuwepo, na mume wangu hakuwepo. Alikuwepo mama mkwe peke yake, na gauni lake jeupe, uso umekuja karibu na umejaa skrini nzima. Juu yake kulikuwa na tarehe ya siku ile. Kulia kwake kulikuwa kweusi, na kushoto kwake kweusi.

Mtu wa mahali pengine angeona kompyuta. Mtu wa Lubumbashi aliona kitu kingine. Sisi mtu akifa, picha yake inakuzwa, inawekwa mbele pamoja na tarehe, na nguo nyeusi zinatundikwa huku na huku. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mmoja mteja wetu, muuza samaki wa Kasenga, aliyekuja kununua chumvi. Mtunza stoo alinieleza baadaye jinsi alivyosimama pale kaunta, akatazama, akafungua kilemba.

"Aï! Mama ya patron!" alilia. "Na bo habatuambie hata kitu! Angalia, banamuweka na tarehe. Njo amekufa leo!"

Mtunza stoo alitoka nyuma, unga usoni, akaangalia. Angeweza kusema sijui. Badala yake alifikiri juu ya ule ukimya wa mume wangu, chakula asichokula, na kuketi kwake mbele ya picha ile.

"Kumbe," akasema, "njo maana patron alikuwa ananyamaza siku zote hizi."

Lisemwalo lipo. Yule mama wa samaki alikaza kitenge kiunoni, akaketi chini sakafuni, akaanza kulia kilio kwa sauti iliyofika barabarani. Nilipotoka shuleni na kufika kwenye kona yetu, nilikuta matawi mabichi yamelazwa njiani mbele ya lango, kama tunavyofanya ili magari yapite polepole. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani. Wafanyabiashara wa Kivu walikuwa wamefika na makreti ya limonadi, wake zao wameketi mikekani, wimbo wa kanisani kwao umeanza.

Nilifikiri ni mume wangu. Nilifikiri lori, mlima, njia ya Kasumbalesa. Nilianza kukimbilia ndani, na mwanamke mmoja mkubwa wa Kivu akanidaka kwapani.

"Pole, mukaza mwana," alisema. "Mama yetu ametutoka."

Mungu anajua nilichosikia kwanza. Nilisikia raha, kama maji ya baridi, kwa sababu hakuwa mume wangu. Kisha nikauliza nani ameleta habari, na kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole, mpaka vidole vyote vikafika kwenye waya wa kaunta. Niliingia, nikaona kazi ya mikono yangu inanitazama.

"Hakuna mutu mwenye amekufa!" nilipiga kelele. "Ni mashini! Ni mie niliweka foto!"

Walinionea huruma. "Anakataa," yule mwanamke mkubwa aliwaambia wenzake. "Kilio inaanza vile." Wakanikalisha mkekani kwa nguvu, mmoja akanishika bega huku, mwingine huku. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, nimebanwa katikati ya waombolezaji wa mtu ninayemwonea wivu, mume wangu aliporudi.

Aliyaona matawi langoni kwake. Alishuka garini bila kufunga mlango. Nilijitoa mikononi mwa wale wanawake, nikasimama ili anione niko mzima. Macho yake yalinipitia kama yanavyopita kwenye nguzo. Alikwenda moja kwa moja ndani, na wimbo ukakatika, kwa sababu sauti aliyoitoa mbele ya ile skrini haikuwa ya kuimbiwa. Hata pale, na hali ile, niliwaza: kama ni mimi ningekuwa nimekufa, je, angelia vile? Wivu hauna adabu.

Nilimfuata, nikamshika mkono, nikamweleza yote upesi upesi: harusi, picha pana, skrini kuu. Niliandika neno la siri, picha ikatandaa, sote watatu tukatokea. Alitutazama mmoja mmoja.

"Donc hajakufa," alisema.

"Hapana. Ni mashini tu."

"Unajua vipi?"

Simu ya mama yake ilikuwa haijaita siku nyingi. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyejua kama yu hai.

"Mashini haijue kitu," alisema polepole, "na weye haujue kitu, na mie mutoto yake sijue kitu. Bantu banalia mama yangu, na siwezi hata kubaambia baache."

Mkubwa wa wale wafanyabiashara, mzee aliyemsaidia mume wangu kuanza biashara, aliingia na kofia mkononi. Tulimwelezea yeye pia. Hakucheka, wala hakunikemea.

"Viti bimesha kukaliwa," alisema. "Kilio haikunjwe kama mukeka, mutoto wangu. Sasa lazima tujue."

Na mume wangu akasema, "Nitaenda."

Siku ileile nilirudisha milima ya theluji, lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Alitafuta tiketi ya basi la kupitia Zambia na Tanzania, kwa kuwa njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa au zina bei ya kichaa. Niligombana naye kwa kila njia ninayoijua. Nilinyamaza, nilipika samaki anaowapenda, nililia, nilivunja sahani. Nilimwambia watoto wana baba mmoja. Alijibu kwamba yeye ana mama mmoja. Nikamwambia basi nenda ukalale kwake, na hilo halikunisaidia.

Asubuhi ya siku iliyotangulia safari, yeye alikuwa nje na madereva, mimi kaunta. Simu yangu iliita, namba ya nchi nyingine. Sauti ilikuwa mbali na inakatikakatika, lakini niliitambua kabla haijajitaja.

"Ni mukaza mwana?"

"Ndiyo, mama."

"Eko karibu yako?"

"Hapana, eko kwenye malori. Ngoja nimwite..."

"Usimuite! Sikia mie. Niko muzima, nilivuka mupaka. Mutu moja mwenye alitoka Lubumbashi ameniambia anataka kukuya, njo amenipa na namba yako. Usimuache. Mu njia banakamata banaume, habarudi. Kama nikimupigia eye, atasikia sauti yangu tu, atapanda gari. Njo maana nimekupigia weye." Nilisikia watu wanagombana nyuma yake, simu ilikuwa ya kuazima. "Weye njo anasikia. Tangu akuowe, mie hanisikie tena. Umukamate, mama. Umukamate na nguvu."

Ikakatika.

Nilibaki na simu mkononi, na kama ungeniona ungesema nimeokota almasi. Yuko hai, ndiyo, hilo lilinifurahisha. Lakini kilichonipanda kichwani ni lile jingine. Yeye aliyenisukuma kwa kiwiko mlangoni kwa kanisa alikuwa anaamini kwamba mimi ndiye mwenye neno ndani ya nyumba hii. Miaka yote ile, yeye kule alikuwa anakonda kwa ajili yangu kama mimi nilivyokonda kwa ajili yake. Na alikuwa ameniita mama. Nilikimbia uani kama msichana.

Nilimweleza mume wangu neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kamba ya turubai mkononi.

"Amepiga kwako," alisema.

"Ndiyo."

"Kwako, weye."

"Ndiyo, papa, kwangu. Ameeleza na sababu."

"Tangu ndoa yetu hajakupigia hata siku moja. Hata Noeli. Hata batoto balipozaliwa alinipigia mie." Alichukua simu yangu, akaipigia ile namba. Mwanamume mmoja alipokea, akaongea lugha tusiyoijua, kisha kwa Kiswahili cha huko akasema simu yake anawaazima watu wengi wa barabarani, na hajui mama wa nani ni yupi. Mume wangu alinirudishia simu. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alinishika shavu.

"Najua hautaki niende," alisema. "Unaniambia kila siku. Lakini usitumie jina ya mama yangu."

"Ninakuapia kwa Bikira!"

"Uliapa pia kama utakunywa sumu nikiondoka."

Hilo nilikuwa nimelisema kweli, siku ya sahani. Nilimshika shati. Alifungua vidole vyangu kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto pete ya mwingine. Kesho yake alipanda basi.

Alipiga simu kutoka Zambia, akapiga kutoka Tanzania, mara mbili au tatu, kisha akaingia huko ambako simu haziingii. Depo ilizidi kudorora. Nilimwachisha kazi dereva mmoja, kisha wa pili. Jioni nilikaa mbele ya skrini zangu tatu bila mtu wa kunigombania kiti, nikitazama vidoa vya malori ambayo hayatembei.

Mvua zilipokuwa zinaisha, lori letu la mwisho lilirudi kutoka Kasumbalesa, na kando ya dereva alikuwa ameketi mama mkwe. Alikuwa amepita njia ileile aliyopita mwanawe, yeye akija huku na mwenzake akienda kule. Alikuwa na mfuko mmoja, amekonda, kilemba kimekazwa vilevile. Nilipiga goti kumsalimu. Alinigusa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yananipita begani, yanatafuta ndani.

"Eko wapi?"

"Alikufuata, mama."

Aliketi juu ya gunia la chumvi.

"Sikukuambia umukamate?"

"Nilimwambia. Hakuniamini. Alisema huwezi kunipigia mimi."

Alinitazama sana, kisha akatingisha kichwa. "Na mie kule," alisema, "nilifikiri weye njo uko naye mu mukono."

"Na mimi huku, mama, nilifikiri ni wewe."

Baadaye aliuliza kama kuna maji ya kuoga.

Sitasema tulipendana. Alisema bukari yangu, ugali wetu wa huku, ni laini mno, sombe langu la majani ya muhogo lina mafuta ya kutosha ndoa mbili. Alisali kwa sauti alfajiri ili hata Watakatifu wangu ukutani wasikie. Simu yake ilikuwa imeporwa njiani, lakini laini yake ya zamani alikuwa ameificha ndani ya mshono wa nguo, nami nikampa simu yangu ya zamani aiweke. Aliitembeza kila mahali, hata msalani. Mimi yangu niliiweka kifuani. Kila moja ikilia, tulishtuka wote wawili, na kila mara alikuwa mteja au mtu aliyekosea namba.

Ilikuwa Jumapili, kila mmoja ametoka kanisani kwake. Yeye alikuwa anatwanga sombe, mimi naparua samaki. Simu ililia, na ilikuwa yake.

Alisema "Allo", na mchi ukaanguka. Nilijua. Nilisimama na magamba mikononi, nikapiga ishara ya msalaba, nikasema asante Mungu wangu, asante, yuko hai. Na palepale, kabla hata machozi hayajafika kidevuni, nikauliza moyoni kwa nini ameanza na yeye. Sababu niliijua: miezi yote ile alikuwa anaitafuta ile namba, na alipofika mahali penye mtandao akaijaribu tena, ikaita. Nilijua, na bado liliuma.

Walizungumza kwa lugha yao. Nilinyosha mkono. Aliuona, akageuka kuelekea ukutani, akaendelea. Nilizunguka upande ule mwingine, akageuka tena. Tulizungukana hivyo katikati ya uwanja, mimi na mama mkwe wangu, kama kuku wawili na punje moja, na sikuelewa neno hata moja ila mara mbili nilisikia ananitaja. Mwishowe alifuta simu kwa kitenge, akanipa.

"Mama," mume wangu aliniambia, na sauti yake ilikuwa imechoka sana. "Kumbe ulisema kweli. Siku ile. Kama alikupigia."

"Nilikuambia."

"Ndiyo. Sasa amenielezea eye mwenyewe, njo nimeamini."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameinama anaokota mchi, anajifanya hasikilizi. Maneno yote niliyokuwa nimeyatunza ya kumwambia mume wangu yalinikauka, nikabaki na moja.

"Rudi nyumbani," nilisema.

"Nakuya," alijibu. "Mama naye ameniambia nirudi."